Mafuta ya Samaki Hayaanzii kwa Samaki

Omega-3, yaani asidi za mafuta tunazozisifia katika samaki, hasa zile mbili zenye majina mafupi EPA na DHA, hutengenezwa kwa wingi na mwani wa chembe moja unaoelea majini, mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Vijidudu vya majini hula mwani huo, dagaa hula vijidudu, samaki wakubwa hula dagaa, na mafuta yanapanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye sahani. Samaki wengi tunaowala, katika safari hiyo, ni wapokeaji na watunzaji. Wanayapata mafuta hayo kwa kula.

Naliweka hili mbele kwa sababu mjadala wa samaki waliobadilishwa vinasaba hulipita kana kwamba halipo. Swali linaloulizwa kila mahali ni moja: je, ni salama kumla? Ni swali halali, na kila mlaji ana haki ya kuliuliza. Lakini limemeza maswali mengine yote. Nimefuatilia utafiti wa lishe ya samaki kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kwamba suala zito zaidi liko kwenye mafuta: samaki anayapata wapi, anayafanyia nini mwilini, na nini hutokea tukianza kuhariri jeni zinazoyasimamia. Jeni za mafuta si kama jeni za ukuaji. Ukizigusa, umegusa ini, macho, ubongo na utando wa kila seli. Na mabadiliko ya vinasaba ambayo yamesaidia zaidi mafuta ya samaki wa kufugwa mpaka leo hayakufanywa ndani ya samaki hata kidogo.

Kwanza tuone uhaba wenyewe. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, ufugaji ulitoa wanyama wengi wa majini kuliko uvuvi: tani milioni 94.4, yaani asilimia 51 ya jumla, kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Mafuta ya samaki yanayokamuliwa duniani, kwa upande mwingine, ni kama tani milioni 1 tu kwa mwaka, na kiwango hicho hakijapanda kwa miongo kadhaa. Sehemu kubwa yake hutoka kwa dagaa wa pwani ya Peru, na dagaa hao wanategemea maji baridi yanayopanda kutoka chini ya bahari. El Niño ikija, maji yanapata joto na dagaa wanatawanyika au wanabaki wachanga. Mwaka 2023 Peru ilifuta msimu wake wa kwanza wa uvuvi katika eneo lake kuu, na bei ya mafuta ya samaki ikapaa duniani kote.

Wafugaji hawakukaa kusubiri. Mwaka 1990 chakula cha samoni nchini Norwe kilikuwa na takriban asilimia 90 ya viambato kutoka baharini, unga wa samaki pamoja na mafuta yake. Kufikia mwaka 2013 kiasi hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 30. Nafasi iliyobaki ilijazwa na soya, ngano, na hasa mafuta ya kanola, mmea wa mbegu za mafuta. Samoni waliendelea kukua vizuri. Ukiwatazama kwa nje husemi kuna kilichobadilika. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling walipopima minofu ya samoni wa kufugwa wa Uskoti, walikuta kwamba kati ya mwaka 2006 na 2015 kiasi cha EPA na DHA kilikuwa kimepungua kwa nusu. Mtu aliyekuwa anatosheka na kipande kimoja sasa anahitaji viwili ili apate omega-3 ileile.

Hapo hakuna jeni ya samaki iliyoguswa. Chakula kilibadilika, na minofu ikafuata.

Ndiyo tabia ya mafuta katika samaki: yale ya akiba huiga yale ya mlo. Samoni wa kufugwa hupewa chakula chenye mafuta mengi mno, mara nyingi zaidi ya asilimia 30 ya uzito wa punje, kwa sababu mafuta ndiyo nishati yake. Akipata mafuta ya kutosha, hachomi protini kupata nguvu, na protini hiyo inakwenda kujenga misuli. Mafuta yakifika tumboni humeng'enywa na lipezi, kimeng'enya cha kuvunja mafuta, kwa msaada wa chumvi za nyongo, kisha hufyonzwa kwa wingi kwenye vimirija vinavyoota pale tumbo linapokutana na utumbo. Ukimpasua samoni utaviona vikining'inia pamoja kama vidole vingi vyembamba. Katika samaki aliyelishwa vizuri vina rangi ya nyama iliyopauka na vimelegea kiasi. Katika samaki anayekula chakula chenye mimea mingi bila kirutubisho kiitwacho kolini cha kutosha, huvimba na kuwa vyeupe kama povu, kwa sababu mafuta yameingia ndani ya seli za utumbo yakashindwa kutoka. Seli inahitaji fosfolipidi ili iyafunge mafuta kwenye vifurushi vidogo vya kusafirishwa kwenye damu, na kolini ni malighafi ya fosfolipidi hizo. Ikikosekana, mafuta yanakwama mlangoni. Yeyote aliyewahi kuona vimirija vya namna hiyo kwenye meza ya upasuaji hawezi tena kusema kwamba mafuta ni mafuta tu, tofauti yake ni bei.

Baada ya kusafirishwa, kila samaki ana ghala lake. Chewa wa bahari za baridi huweka akiba kwenye ini, na ini lake laweza kuwa na mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake huku minofu ikibaki mikavu. Samoni huweka ndani ya misuli yenyewe, katika ile mistari myeupe inayotenganisha tabaka za nyama, na kuzunguka utumbo. Mafuta yanayochomwa huingia kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Yanayobaki kwenye utando wa seli ni suala jingine kabisa: mwili huyalinda kwa wivu. Ukimpa samoni mafuta ya kanola kwa miezi mingi, mafuta yake ya akiba hubadilika upesi, lakini DHA ya ubongo na retina huyumba kidogo sana. Mwili unajua kipi cha kuachia na kipi cha kushikilia. Na una sababu. DHA huufanya utando ubaki laini hata kwenye maji ya baridi kali, na katika jicho huzunguka protini inayopokea mwanga. Watafiti waliwahi kulisha heringi wachanga chakula chenye DHA haba, na samaki hao wakashindwa kuona mawindo kwenye mwanga hafifu. Mwanga ulipokuwa mwingi waliona. Giza lilipoingia, upungufu wa asidi moja ya mafuta uligeuka kuwa njaa.

Sasa tuingie kwenye jeni, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa hakuna njia ya mkato.

Mimea kama kanola ina omega-3 fupi, ALA, yenye kaboni 18. Ili ALA iwe EPA inabidi irefushwe hadi kaboni 20 na kuongezewa viungo maradufu, yaani mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo cha pili. Ili iwe DHA lazima ifike kaboni 22 na viungo maradufu 6. Kazi hiyo hufanywa na makundi mawili ya vimeng'enya: desaturezi, ambazo huingiza viungo maradufu, na elongezi, ambazo huongeza kaboni mbili kila zamu. Jeni zake katika samaki huitwa fads2, elovl5 na elovl2. Samoni anazo zote, tena kwa nakala za ziada, kwa kuwa babu wa jamii yake alirudufisha jenomu nzima, yaani seti yote ya jeni zake, takriban miaka milioni 80 iliyopita. Hiyo ndiyo sababu samoni anaweza kugeuza sehemu ya ALA kuwa DHA, ingawa si kwa kasi ya kufidia kile kilichoondolewa kwenye chakula. Samaki wengi wa baharini hawawezi karibu kabisa. Waliishi vizazi na vizazi mahali ambapo DHA imejaa kwenye kila windo, na uwezo wa kuitengeneza ukafifia.

Kisha yupo tasi. Huyu ni samaki wa baharini lakini anakula majani na mwani wa kwenye miamba, chakula kisicho na DHA nyingi. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba jamaa mmoja wa tasi ana desaturezi ya aina ambayo haikuwahi kuonekana kwa mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Kwa kawaida njia ya kufikia DHA ni ya kuzunguka: unarefusha hadi kaboni 24, unaongeza kiungo maradufu, halafu unakata kaboni mbili. Kimeng'enya cha tasi kinakwenda moja kwa moja kutoka 22 yenye viungo 5 hadi 22 yenye viungo 6. Ninampenda samaki huyu kwa dhati kwa sababu anaivunja ile picha ya maumbile yaliyokamilika yasiyoguswa. Jeni za mafuta zimebadilika mara nyingi bila mkono wa mtu, na mlo ndio ulioamua zielekee wapi.

Wanasayansi walipoona ramani hii ya jeni, hatua iliyofuata ilikuwa rahisi kuitabiri. Tokyo, mwaka 2005, kundi moja lilichukua jeni ya desaturezi kutoka kwa samoni wa Japani aitwaye masu na kuiingiza kwa samaki pundamilia, yule mdogo mwenye mistari anayefugwa katika maabara nyingi duniani. DHA mwilini mwake ikaongezeka takriban mara 2. Uchina walikwenda mbali zaidi. Waliwapa samaki pundamilia, na baadaye karpi, jeni za mnyoo mdogo wa udongo ambazo wanyama wenye uti wa mgongo hawana kabisa. Moja kati ya hizo, fat-1, hugeuza omega-6, kundi jingine la asidi za mafuta, kuwa omega-3. Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn wamefanya kazi ya aina hiyo kwa kambare. Kwa hiyo inawezekana. Samaki anaweza kupewa uwezo ambao hakuzaliwa nao, na minofu yake ikaonyesha tofauti kwenye vipimo.

Ila majaribio yaliyonifundisha zaidi ni yale ya kuondoa, si ya kuongeza. Mwaka 2019 watafiti nchini Norwe walichapisha kazi mbili ambapo walitumia mkasi wa CRISPR, chombo cha kukata DNA mahali palipochaguliwa, kuharibu jeni za mafuta za samoni: katika moja elovl2, katika nyingine zile za desaturezi. Kazi yenyewe ni ya mikono yenye subira. Yai la samoni ni kubwa, karibu ukubwa wa njegere, na likishaingia kwenye maji baada ya kurutubishwa ganda lake huanza kukakamaa hadi sindano ya kioo inavunjika. Hivyo mayai hurutubishwa kwenye maji yenye glutathioni, ambayo huzuia ganda lisikakamae, kisha mtu anainama kwenye darubini na kuyadunga moja moja, kabla seli ya kwanza haijagawanyika. Maji ya baridi humsaidia, kwa sababu katika nyuzi chache za selsiasi seli hiyo hukawia kwa saa kadhaa. Pamoja na jeni wanayoitafuta, huharibu pia jeni ya rangi. Miezi inapita, na kwenye tangi wanatokea samoni weupe wenye rangi ya njano hafifu, wakiogelea kati ya ndugu zao wa kijivu. Mweupe amehaririwa. Hana haja ya kupimwa ili ajulikane.

Nini kilitokea ndani ya weupe hao? Samoni waliokosa elovl2 walipungukiwa DHA kwenye ini, ubongo na misuli, na asidi za kati zikarundikana nyuma ya mahali palipozibwa. Hilo lilitarajiwa. Lililonigutusha ni kwamba ini liliitikia kwa kuwasha jeni za kutengeneza mafuta mapya, zile zinazoongozwa na protini iitwayo Srebp-1. DHA, kumbe, haikai tu kwenye utando ikisubiri kuliwa na mtu. Inabeba habari. Ini huipima, na ikiona imepungua, hubadilisha mpango wake wote wa mafuta. Hapa ndipo msimamo wangu ulipokomaa. Anayepanga kuongeza au kupunguza kimeng'enya kimoja kwenye njia hii hana budi kuuliza ini, moyo, utumbo na jicho vitasemaje, na aulize kwa samaki mzima aliyekua, ndani ya maji ya joto na ya baridi, akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Kipimo cha minofu peke yake hakitoshi.

Linganisha na samaki maarufu kuliko wote katika mabishano haya, yule samoni wa AquAdvantage. Alitengenezwa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, nchini Kanada. Alipewa jeni ya homoni ya ukuaji ya samoni aina ya Chinook, ikiongozwa na kipande cha DNA kutoka kwa samaki mwingine wa Atlantiki ya baridi mwenye umbo la mkunga. Kipande hicho huiweka jeni katika hali ya kufanya kazi mwaka mzima badala ya msimu. Marekani ilimwidhinisha mwezi Novemba 2015, Kanada mwaka 2016, na mwaka 2017 akaanza kuuzwa Kanada. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni yenyewe ilitangaza kusimamisha ufugaji wake. Miaka 35, kutoka maabara hadi kufunga milango.

Mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kasi tu: samaki anayefika uzito wa soko katika takriban nusu ya muda. Lakini homoni ya ukuaji ni homoni ya mafuta pia. Huchochea kuvunjwa kwa mafuta ya akiba ili yachomwe, protini ipate kujenga. Karpi waliopewa jeni ya homoni hii nchini Uchina, ambako samaki wa kwanza wa kubadilishwa vinasaba walitengenezwa katikati ya miaka ya 1980, walionekana kuwa na protini nyingi zaidi na mafuta pungufu kuliko wenzao. Kwa mlaji anayetafuta nyama, hiyo ni habari njema. Kwa anayetafuta omega-3, samaki aliyekonda ni chombo chenye nafasi ndogo zaidi. Hata samaki aliyehaririwa kwa ajili ya ukuaji, basi, amebadilishwa mafuta yake, mtu apende asipende. Sijaona mijadala mingi ya umma ikiligusa hilo.

Japani walishika njia nyingine. Mwaka 2021 waliruhusu kuuzwa kwa bunju aliyehaririwa kipokezi cha leptini, ile homoni inayouambia mwili kwamba akiba ya mafuta inatosha. Bunju huyo hula zaidi na kukua haraka kwa kuwa kengele ya shibe haimfikii sawasawa. Hakuna jeni ya kigeni ndani yake, na kwa sababu hiyo sheria za Japani zinamtazama tofauti na samaki aliyepandikizwa jeni. Mahakama ya Haki ya Ulaya, kwa upande wake, iliamua mwezi Julai 2018 kwamba uhariri wa namna hii nao uko chini ya sheria za viumbe waliobadilishwa vinasaba. Binafsi naona mstari wa Japani una mantiki ya kibaiolojia, lakini haunitoshi. Kuzima ishara ya shibe ni jambo kubwa kwa maisha ya samaki, hata kama limefanywa kwa kufuta herufi chache tu. Ukubwa wa mabadiliko haupimwi kwa wingi wa DNA iliyoingia.

Kuna samaki wa asili wanaonifanya niwe mwangalifu kuliko ripoti yoyote. Katika mapango ya kaskazini mashariki mwa Meksiko wanaishi samaki vipofu, Astyanax, waliotengana na ndugu zao wa mtoni na kubaki gizani ambako chakula huja kwa msimu. Baadhi yao wana jeni ya hamu ya kula iliyoharibika, na kipokezi cha insulini kilichobadilika. Wananenepa, sukari yao ya damu hupanda, mafuta yanajaa kwenye ini. Mtu mwenye badiliko kama hilo kwenye kipokezi cha insulini huugua vibaya. Samaki hawa wanaishi vizuri. Jeni ileile, kwa hiyo, katika mwili mwingine na mlo mwingine, ina maana nyingine. Ndiyo maana simwamini anayeahidi matokeo ya jeni ya mafuta kabla hajasema samaki ni yupi, na atalishwa nini.

Na sasa mmea. Katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kundi la Johnathan Napier lilichukua jeni za mwani na viumbe wengine wadogo na kuziingiza kwenye kamelina, mmea wa mbegu za mafuta. Mwaka 2014 walikuwa na mimea ambayo mbegu zake zina EPA na DHA kwa viwango vinavyokaribia vile vya mafuta ya samaki. Ilihitajika kuweka jeni 7 ili kufika DHA. Australia walifanya hivyo kwa kanola, na aina yao ikaruhusiwa kulimwa kibiashara mwaka 2018. Mafuta ya kamelina yalipokamuliwa na kuwekwa kwenye chakula cha samoni, samaki walikua kawaida na omega-3 ikafika kwenye minofu, kwa sababu ileile niliyoitaja mwanzo: akiba huiga mlo.

Tazama kilichotokea kimantiki. Njia ya kutengeneza DHA imehamishwa kutoka kwenye mwani hadi kwenye mbegu, na samaki akaachwa na jenomu yake. Mbegu huweka mafuta kama akiba ya kuotea. Haitumii DHA kwenye macho wala ubongo, kwa hiyo usumbufu ndani ya mmea ni mdogo kuliko ungekuwa ndani ya mnyama. Mafuta yakishakamuliwa na kusafishwa, DNA na protini karibu zote hubaki kwenye mashudu. Samaki anayeyala habadiliki vinasaba, kama ambavyo hageuki soya kwa kula soya. Hata mfumo wa uangalizi ni mwepesi zaidi: shamba lina mipaka, na punje ya chakula inaweza kupimwa kabla haijaingia majini.

Najua mimea hii nayo ina maswali yake. Chavua husafiri. Kanola ina ndugu wa porini inayoweza kuzaana nao. Viwavi wanaokula majani au mbegu zenye mafuta marefu ambayo hayakuwahi kuwa nchi kavu wanahitaji kuchunguzwa, na tayari kuna wanaolichunguza. Mwani wenyewe unaweza kukuzwa kwenye matangi na kukamuliwa bila kubadilisha jeni yoyote, na mafuta yake tayari yanaingia kwenye chakula cha samoni, ingawa kwa gharama ya juu kuliko mafuta ya mbegu. Kama gharama hiyo itashuka vya kutosha, nitaupendelea mwani, bila kusita.

Lakini nikiulizwa leo fedha za utafiti ziende wapi kwanza, nasema ziende kwenye chakula kabla ya samaki. Na kwa upande wa samaki, ziende kwenye kitu ambacho mabishano ya ulaji hayakitaji sana: utasa. Samoni wa kufugwa hutoroka vizimba kila mwaka na kuzaliana na wa mtoni, hata wale ambao hakuna aliyewahariri. Samoni wa AquAdvantage alipewa seti tatu za kromosomu ili asizae, njia inayofanya kazi kwa sehemu kubwa lakini huwapa samaki udhaifu mwingine. Norwe, mwaka 2016, walionyesha njia safi zaidi: waliharibu jeni iitwayo dnd, na samoni wakakua bila seli za uzazi kabisa, wa kiume kwa wa kike. Samaki asiyezaa hawezi kupeleka jeni yake popote, iwe ya ukuaji, ya mafuta au ya rangi. Sioni kwa nini jeni yoyote ya mafuta iruhusiwe kwenye kizimba cha wazi kabla hilo halijawa sharti.

Kazi nyingine iko karibu zaidi na haihitaji mkasi wala sindano. Ukilisha familia mbalimbali za samoni chakula kimoja, zinatofautiana katika kiasi cha omega-3 zinazobakiza kwenye minofu, na tofauti hiyo hurithiwa. Wazalishaji wa mbegu za samaki wanaweza kuchagua wazazi kwa kigezo hicho kama wanavyochagua kwa ukuaji na ukinzani wa magonjwa. Kinachohitajika ni kupima minofu ya ndugu wengi wa kila familia, jambo lenye gharama, na mnunuzi aliye tayari kulipia omega-3 iliyopimwa badala ya kilo. Mnunuzi huyo bado ni haba, kwa kuwa lebo nyingi humwambia nchi samaki alikotoka na tarehe ya mwisho ya kumla, bila kutaja miligramu za EPA na DHA wala kile alichokuwa akilishwa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inataja miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku kwa mtu mzima. Mlaji aliye dukani hana namna ya kujua kipande alichoshika kitamfikisha wapi kwenye hesabu hiyo, awe samaki amehaririwa au la.